Spafford: Mfiwa Aliyewaliwaza Watu wa Baitul Mukadasi

Jina la Horatio Spafford si wengi katika pwani yetu walijualo, lakini wimbo wake wengi wetu tumeusikia. Ukienda kuhani kwa jirani Mkristo, iwe ni Kisauni, Changamwe au Malindi, aghalabu utaukuta ukiimbwa usiku wa matanga, polepole, na watu wenye macho mekundu ya kulia. Ni wimbo wa mtu anayekiri kwamba, pamoja na mawimbi yote yaliyompiga, roho yake imetulia mbele ya Mungu.

Mimi mwenyewe nimeketi mikekani katika matanga kama hayo si mara moja, na kila mara nimeona jinsi wimbo huo unavyomfanya mfiwa anyamaze kidogo, apanguse machozi, na pengine hata aanze kuimba pamoja na wenziwe. Basi nikataka kujua ni nani aliyeutunga. Nilidhani nitakuta padri fulani aliyekaa chumbani mwake na kalamu, akawatungia wengine maneno ya kuwafariji. Niliyemkuta ni wakili wa Marekani, baba wa watoto saba, aliyezika watano kati yao kabla ya kufa yeye mwenyewe, na wanne katika hao kaburi lao ni bahari.

Na jambo lililonifanya niandike makala haya ni kwamba maisha yake hayakuishia Marekani. Yaliishia Baitul Mukadasi, mji ulio mtukufu kwa Waislamu, Wakristo na Mayahudi, ndani ya mtaa wa Waislamu, si mbali na Msikiti wa Al-Aqsa. Huko ndiko alikoufanyia kazi wimbo wake.

WAKILI WA CHICAGO

Horatio Gates Spafford alizaliwa tarehe 20 Oktoba 1828 katika jimbo la New York. Alisomea sheria, na akiwa kijana alihamia Chicago, mji uliokuwa ukikua haraka kuliko miji mingi ya wakati huo. Huko akapata jina na mali. Alikuwa mzee wa kanisa la Kipresbiteri, na rafiki wa mhubiri mashuhuri Dwight Moody.

Mkewe, Anna, alikuwa mzaliwa wa Stavanger, Norway, aliyeletwa Marekani akiwa mtoto na akafiwa na wazazi wake mapema. Walioana mwaka wa 1861. Mungu akawajalia mabinti wanne: Annie, Maggie, Bessie na Tanetta. Mtu angewatazama wakati huo angesema kwamba hawa wamepewa kila kitu: nyumba, watoto, cheo, na heshima ya watu.

Wahenga walisema kwamba hujafa hujaumbika. Spafford alikuwa ameweka fedha zake nyingi katika viwanja na majengo ya Chicago. Usiku wa tarehe 8 Oktoba 1871 moto ukazuka mjini. Upepo ulikuwa mkali na nyumba nyingi zilikuwa za mbao. Moto huo uliwaka hadi tarehe 10. Watu wapatao 300 walikufa, na wapatao 100,000 wakabaki bila ya makao. Spafford alipata hasara kubwa sana. Lakini mali ni mali, huja ikaenda, na wakati huo wanawe wote walikuwa hai.

USIKU WA BAHARI

Miaka miwili baadaye, afya ya Anna haikuwa nzuri, na familia ikaamua kwenda Ulaya kupumzika. Nafasi zikakatwa katika meli ya Kifaransa iliyoitwa Ville du Havre. Siku ya safari ilipokaribia, Spafford akazuiwa na shughuli za biashara. Akaona heri mkewe na watoto watangulie, naye awafuate. Meli iling'oa nanga New York katikati ya mwezi wa Novemba 1873.

Usiku wa kuamkia tarehe 22 Novemba, watu wakiwa wamelala, meli hiyo iligongana na meli ya matanga iliyoundwa kwa chuma, iliyoitwa Loch Earn, katikati ya bahari ya Atlantiki. Ville du Havre ilipasuka ubavuni. Sisi watu wa pwani twaijua bahari, na twajua kwamba chombo kikubwa hakizami upesi isipokuwa kimejeruhiwa vibaya. Hicho kilizama kwa muda wa dakika 12 hivi. Hapakuwa na wakati wa kushusha mashua ipasavyo. Watu 226 walikufa maji.

Anna alikuwa juu ya sitaha na binti zake wote wanne, yule mdogo akiwa mikononi mwake. Maji yalipowafunika, mtoto huyo alinyakuliwa kutoka mikononi mwa mama yake. Mabaharia wa Loch Earn walimkuta Anna akielea juu ya kipande cha ubao, amezimia. Mabinti zake hawakuonekana tena. Mkubwa alikuwa na miaka 11, na mdogo alikuwa na miaka miwili tu.

Waliookolewa walihamishiwa meli nyingine iliyokuwa ikielekea Uingereza, wakateremshwa bandari ya Cardiff mwanzoni mwa Desemba. Kutoka huko Anna akampelekea mumewe simu ya maandishi, fupi mno, kumjulisha kwamba ameokoka, na kwamba yuko peke yake. Naomba msomaji aliye mzazi afikiri kidogo kuhusu mtu anayepokea karatasi kama hiyo, akaisoma mara ya kwanza, akairudia mara ya pili, akitafuta neno ambalo halimo.

Spafford alipanda meli ya kwanza aliyoipata kwenda kumchukua mkewe. Familia yake imesimulia kwamba nahodha alimwita akamwonyesha mahali pale katikati ya maji, kwa kadiri alivyokisia, ambapo Ville du Havre ilizama. Yasemekana kwamba wimbo ulianzia hapo, katika moyo wa baba aliyesimama juu ya kaburi lisilokuwa na jiwe wala mchanga.

Sauti ya kuimbia ilitungwa na mwanamuziki Philip Bliss, na wimbo ukatolewa mwaka wa 1876. Bliss aliipa sauti hiyo jina la meli ile ile iliyozama, Ville du Havre. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo, Bliss na mkewe walikuwa katika gari la moshi lililoanguka pamoja na daraja huko Ashtabula, jimbo la Ohio, wakafa wote wawili. Hivyo wimbo wa kuwafariji wafiwa, hata mwaka haujaisha, ulikuwa tayari umeitia msiba nyumba ya mtu wa pili aliyeutengeneza.

MANENO YA WATU

Spafford na Anna walirudi Chicago wakaanza upya. Mwaka wa 1875 wakapata mtoto wa kiume, wakampa jina la baba yake. Mwaka wa 1878 akazaliwa binti, Bertha. Nyumba ikaanza kusikika tena sauti za watoto. Lakini mwezi wa Februari 1880, mtoto wa kiume akashikwa na homa kali ya vipele, akafa. Alikuwa na miaka minne.

Ni hapa ndipo maisha ya mtu huyu yanapotugusa zaidi, maana msiba huu wa mwisho ulifuatwa na msiba mwingine uliotoka midomoni mwa watu. Miongoni mwa waumini wenziwe walikuwako walioamini kwamba mateso hutumwa kwa mwenye dhambi. Watoto watano wa nyumba moja, walifikiri, hawaondoki bure. Lazima liko jambo. Wakanong'ona, na manong'ono yakafika masikioni mwa mfiwa.

Sidhani kuna mji ambao haujui manong'ono ya aina hiyo. Hata kwetu, nyumba ikifiwa mara mbili mfululizo, utasikia watu barazani wakitafuta sababu. Huyu atasema jicho, yule atasema laana ya wazee, wa tatu atasema mali haikuwa ya halali. Wanaosema hivyo hudhani wanaitetea haki ya Mwenyezi Mungu. Kumbe wanamwongezea mzigo mtu ambaye tayari magoti yake yanatetemeka.

Waislamu na Wakristo sote tunamjua Nabii Ayubu. Alipoteza mali, akapoteza watoto, akapoteza afya, naye alikuwa mja mwema. Katika kitabu cha Wakristo, rafiki zake walikuja kumwona, wakakaa naye kimya siku saba, na hapo walifanya vizuri. Walipofungua midomo kumweleza kwamba lazima amekosa, ndipo walipoharibu. Nabii Yakubu naye alilia kwa ajili ya Yusuf mpaka macho yake yakaingia weupe, na hakuna aliyesema alikosa imani. Na Mtume Muhammad (S.A.W.) alipofiwa na mwanawe mdogo Ibrahim huko Madina, alilia machozi mbele ya watu. Kama misiba ingekuwa cheti cha dhambi, hao wasingefiwa.

Spafford aliyakataa maneno ya wale jamaa. Hakuweza kuamini kwamba Mungu aliyemwomba kila siku aliwazamisha watoto wadogo ili kumkomoa baba yao. Katika mambo mengine ya dini pia alianza kuachana na mafundisho ya kanisa lake, na mzozo ukakua. Mwisho yeye na mkewe wakatoka humo pamoja na kikundi kidogo cha marafiki waliokuwa wakikutana nyumbani kwao kusali na kuimba. Magazeti ya Chicago yaliwafanyia mzaha.

Anna naye alikuwa na lake moyoni. Bertha alisimulia baadaye kwamba mama yake, tangu siku ile ya kuokolewa baharini, aliona hakubakishwa hai bure. Kama mamia walizama naye akaelea juu ya ubao, basi ipo kazi aliyobakishiwa. Wengi wakifiwa hujiuliza kwa nini mimi. Mama huyu alijiuliza swali jingine: sasa nifanye nini?

SAFARI YA BAITUL MUKADASI

Mwezi wa Agosti 1881, Horatio na Anna waliondoka Chicago na marafiki zao. Walikuwa watu wazima 13 na watoto watatu, na mmoja wa hao watoto alikuwa Grace, aliyezaliwa mwanzoni mwa mwaka huo. Walikwenda Baitul Mukadasi, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya Dola ya Kituruki. Walitaka kuishi katika mji aliotembea Nabii Isa, na walitazamia kurudi kwake. Jambo hilo halitamshangaza msomaji Mwislamu, maana kurudi kwa Nabii Isa ni jambo analolijua katika dini yake pia.

Walikodi nyumba ndani ya ukuta wa mji, karibu na lango ambalo Waarabu huliita Bab al-Amud. Nyumba hiyo iliegemea ukutani mahali pa juu, na majirani zao walikuwa Waislamu. Wakaishi kwa shirika, chakula kimoja na mfuko mmoja.

Wakati huo Baitul Mukadasi ilijaa wageni wa Kizungu waliokuja kuwageuza watu dini. Kila mmoja alikuwa na shule yake, na zahanati yake, na vitabu vyake vya kugawa. Watu wa mji walizoea kupewa dawa kwa mkono mmoja na mahubiri kwa mkono wa pili. Kikundi cha Spafford hakikufanya hivyo. Waliamua kwamba hawatamtaka mtu abadili dini yake. Walikuwa Wakristo, wakisali na kuimba Kikristo bila kujificha, lakini mlango wao ulikuwa wazi kwa Mwislamu, Myahudi na Mkristo, na hakuna aliyeulizwa kitu kabla ya kuingia.

Mgonjwa akiwa hana wa kumuuguza, walikwenda kumuuguza. Wenye njaa waliwapa chakula. Mwaka wa 1882 walifika Mayahudi maskini kutoka Yemen, waliosafiri safari ndefu na kuwasili bila kitu. Hawakuwa na mahali pa kulala, na hata Mayahudi wenzao wa mjini hawakuwapokea upesi. Spafford na watu wake waliwapa chakula na kuwatafutia msaada. Walimchukua pia kijana Jacob Eliahu akawa kama mwana wao. Jacob huyo ndiye yule mwanafunzi aliyegundua mwaka wa 1880 maandishi ya kale sana ndani ya mfereji wa maji wa Siloamu, ambayo wataalamu wa mambo ya kale huyathamini mpaka leo.

Nimefikiri sana juu ya kazi hiyo, na naona siri yake iko hapa. Mtu aliyefiwa ana masikio mepesi. Anajua upesi nani amekuja kumtazama, nani amekuja kumhubiria, na nani amekuja kukaa naye. Mwarabu wa mtaa ule alipomwona Mmarekani huyu akiingia kwa mgonjwa, akamgeuza kitandani, akamnywesha maji, akaondoka bila ya kutoa kitabu mfukoni, alijua kwamba huyu ni mtu wa aina nyingine. Na alipopata habari kwamba mwenyewe amezika watoto watano, alimwelewa bila mkalimani.

Desturi yetu wenyewe ya pwani inalifahamu jambo hilo. Mtu akifiwa, jiko lake halikokwi moto. Majirani hupika wakapeleka. Hiyo imetoka mbali: Mtume (S.A.W.) alipoletewa habari ya kifo cha Jaafar bin Abu Talib, aliwaambia watu wawapikie jamaa zake chakula, kwa kuwa wamefikwa na la kuwashughulisha. Sahani ya wali inayopelekwa nyumba ya msiba haina mahubiri, lakini inasema mengi. Spafford aliishi maisha ya sahani hiyo.

Tena furaha yao haikuwa ya kujilazimisha. Nyumba yao ilijulikana kwa kuimba. Mtu anaweza kushangaa: watu waliopigwa hivi wanapata wapi moyo wa kuimba? Lakini nadhani tumezoea kudhani kwamba furaha ni kutokuwa na huzuni. Kwa Mkristo wa aina ya Spafford, furaha ilikuwa tegemeo, ni kujua kwamba waliokwenda wako mikononi mwa Mungu na kwamba mtu ataonana nao tena. Mwislamu mwenye subira anaijua hali hiyo kwa jina lake mwenyewe. Macho hulia, na moyo hautoki katika njia yake.

HAKUWA MALAIKA

Nisimpambe marehemu kupita kiasi. Spafford aliondoka Chicago akiacha madeni makubwa, na kuna watu huko waliopata hasara kwa ajili yake. Katika Baitul Mukadasi kikundi chake kiliishi mara nyingi kwa kukopa, wakingojea msaada ambao haukuja kila siku. Mwakilishi wa serikali ya Marekani mjini humo hakuwapenda hata kidogo, akawaandika vibaya. Baada ya kifo chake kikundi hicho kilikuwa na masharti makali juu ya maisha ya watu wake, hata katika mambo ya ndoa, na wengine waliumia. Mtu anaweza kuwa mwepesi wa kufuta machozi ya jirani na mzito wa kulipa deni lake. Wanadamu ndivyo tulivyo.

Tarehe 16 Oktoba 1888 Spafford alikufa kwa malaria katika Baitul Mukadasi. Zilibaki siku nne tu atimize miaka 60. Hakuacha mali. Aliacha mjane, mabinti wawili wadogo, Bertha na Grace, kikundi cha watu maskini, na wimbo.

KILICHOBAKI

Ilidhaniwa kwamba kikundi kitatawanyika. Anna akakishika. Mwaka wa 1896 wakajiunga nao Waswidi wengi, baadhi kutoka Chicago na wengine kutoka kijiji cha Nås huko Uswidi kwenyewe. Habari za wanakijiji hao ndizo zilizompa Selma Lagerlöf, mwandishi wa Kiswidi aliyepata tuzo ya Nobel mwaka wa 1909, kisa cha riwaya yake iitwayo Jerusalem. Nyumba ya ndani ya ukuta ikawa ndogo, wakahamia jumba kubwa la ukoo wa Husseini, Waislamu watukufu wa mji huo, katika mtaa wa Sheikh Jarrah. Jumba hilo leo ni hoteli mashuhuri.

Vita Vikuu vya kwanza vilipofika, mji ulipatwa na balaa juu ya balaa. Mwaka wa 1915 nzige walikula kila jani. Njaa ikaingia, na maradhi yakaifuata. Watu wa kikundi hicho walifungua jiko la kupika supu na kulisha maelfu ya watu wa kila dini. Waliwauguza pia askari wa Kituruki waliojeruhiwa. Mji ulipojisalimisha kwa Waingereza mwezi wa Desemba 1917, bendera nyeupe aliyotoka nayo Meya Hussein al-Husseini ilikuwa shuka ya kitanda kutoka hospitali waliyokuwa wakihudumu. Hata kitambaa cha kumaliza vita kilitoka kwenye kitanda cha mgonjwa.

Anna alikufa mwaka wa 1923. Miaka miwili baadaye, usiku wa kuamkia Krismasi, Bertha alikuwa njiani kwenda Bethlehemu kuimba pamoja na wenziwe. Akakutana na mtu wa shamba, anamleta mkewe mgonjwa mjini juu ya punda, na mkononi wana mtoto mchanga. Hospitali ilikuwa imefunga kwa sikukuu. Bertha akaacha safari yake akahangaika mpaka yule mama akapata kitanda. Mama huyo akafa usiku ule ule. Kesho yake yule mume akaja na mtoto, akamwomba Bertha amchukue, maana yeye anaishi pangoni na akimrudisha huko mtoto atakufa.

Bertha alimchukua. Muda si muda wakaletwa watoto wengine. Nyumba ile kongwe juu ya ukuta, ile ile aliyoikodi Spafford mwaka wa 1881, ikawa nyumba ya watoto wachanga, ikapewa jina la Anna Spafford. Baadaye ikawa hospitali ya watoto. Bertha mwenyewe aliishi mpaka mwaka wa 1968, akaviona vita vya 1948 na vya 1967, na katika vyote viwili nyumba za kikundi hicho hazikukosa majeruhi wa kuuguzwa.

Leo mahali hapo panaitwa Kituo cha Watoto cha Spafford. Watoto wanaohudumiwa hapo ni Wapalestina, na wengi wao ni Waislamu. Huletwa na mama zao kutoka katika vichochoro vya mji wa kale, wengine wakiwa na maradhi ya mwili, wengine na hofu walizozipata katika maisha magumu ya mji ule. Wazazi hao pengine hawaujui wimbo wala hawajaisikia habari ya Ville du Havre. Lakini mabinti wanne waliozama mwaka wa 1873 wana sehemu yao katika kila mtoto anayetoka hapo akitembea.

TULICHUKUE LIPI?

Wako watakaouliza kwa nini niwasimulie Waislamu habari za Mkristo huyu. Jibu langu ni kwamba huzuni haina madhehebu. Katika mitaa yetu ya Mombasa, Lamu na Malindi tunazikana. Mkristo humsindikiza jirani yake Mwislamu mpaka nje ya makaburi, na Mwislamu huketi katika matanga ya Mkristo, kila mmoja akishika dini yake. Mara nyingi hatujui la kusema. Wengine kwa kuogopa kukosea hawaendi kabisa, na wengine huenda wakasema kupita kiasi.

Maisha ya Spafford yanatufundisha kwamba hatuhitaji kujua kwa nini Mungu amefanya alivyofanya ndipo twende kumwona mfiwa. Wale waliodai kuijua sababu ndio waliomwumiza. Yeye hakudai kuijua. Alipika, alibeba, aliuguza, aliimba, na alikaa. Imani yake ilimtuliza yeye, na utulivu huo ukawafaa watu ambao hawakuwa wa imani yake.

Tena yanatufundisha kwamba mfiwa si mtu wa kupokea pole tu. Baada ya siku za kulia, na siku hizo ni haki yake wala asiharakishwe, huenda yeye ndiye atakayefaa zaidi kumliwaza mwingine. Mama aliyefiwa na mtoto, akimwendea mama mwenziwe aliyefikwa na hayo jana, hana haja ya maneno mengi. Akimshika mkono tu, yule atajua kwamba mkono huu umeshapita njia hii.

Wazee wetu walisema kwamba kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Spafford alianza kilio chake katikati ya bahari, peke yake, na hakukifanya kuwa chake tu. Alikitumia kuwasikia wengine waliaji, mpaka akawasikia walio ng'ambo ya bahari, wa lugha nyingine na wa kibla kingine. Ukiusikia wimbo ule tena kwa jirani, hata kama hutauimba, mjue mwenyewe alikuwa ni mtu wa namna gani. Na ukitoka hapo, ikiwa jiko la mfiwa halijawaka, pita kwako umwambie mkeo au dada yako awazidishie kibaba.